Salamu kwa Ufa wa Bwawa la Shukrani

Ombeni Kilave hakuwa na kiti chenye miguu minne. Alichokalia studioni kilikuwa na mitatu na tofali. Hakuwa na msaidizi. Hakuwa na koti la mikutano, wala saa iliyokubaliana na saa ya mtu mwingine yeyote, wala mjomba wizarani. Hakuwa na meno mawili ya mbele, jambo ambalo wasikilizaji walilijua kabla hawajamwona kwa macho. Hakuwa na mke tena, na mtoto hakujaliwa. Ndugu wa tumbo moja aliyembakia duniani alikuwa dada yake mdogo, Nakijwa, aliyelima vitunguu kule Bondeni. Na zaidi ya yote, ingawa alikuwa mtangazaji pekee wa Redio Sauti ya Mtwikilo, hakuwa na kibali cha kusema habari.

Hilo la kibali lisiwashangaze wasomaji wa nchi nyingine. Katika Jamhuri ya Tulieni, ambayo ipo mbali sana na hapo mlipokaa, habari hutengenezwa mji mkuu kwa sababu huko ndiko kwenye vifaa. Zikishatengenezwa hupigwa muhuri, huachwa zikauke, halafu hupelekwa wilayani kwa gari. Zinapofika Mtwikilo mambo yenyewe huwa yamekwisha kupita, na hii hupunguza sana hofu ya wananchi.

Redio za miji midogo zimeruhusiwa vitu vingine. Zinaruhusiwa muziki. Zinaruhusiwa sauti za ndege, ili mradi ndege hao wawe wa wilaya husika. Zinaruhusiwa kipindi cha kilimo kiitwacho "Shamba Letu, Tabasamu Letu", kinachorekodiwa mji mkuu na mtaalamu aliyesomea nchi za baridi. Kwa miaka mingi wakulima wa Mtwikilo wamefundishwa namna ya kuikinga mizabibu yao na theluji, nao husikiliza kwa adabu huku wakipalilia mahindi. Zinaruhusiwa matangazo ya vifo. Na zinaruhusiwa salamu.

Salamu ndizo zilizoifanya redio iwe redio. Mtu alichukua kadi dukani, akajaza jina lake, majina ya anaowasalimu, ujumbe mfupi, na mwisho wimbo aliouchagua. Ombeni aliisoma kadi, akaupiga wimbo, na mji mzima ukatulia. Wasalimiaji walikuwa na chama, sare ya kijani na mwenyekiti, Sefania Mgaya, ambaye kwa wingi wa kadi zake aliitwa Mkono Haulali. Salamu hazikukaguliwa hata siku moja. Baba wa Utulivu, ambaye ndiye mkuu wa nchi, aliwahi kusema hadharani kwamba watu wakisalimiana nchi haina shida, na maneno ya Baba wa Utulivu hayana mkaguzi.

* * *

Kiangazi kimoja kikali Ombeni alishuka Bondeni kumtembelea dada yake. Njia nzima ilikuwa vumbi. Mahindi yalikuwa yamekauka yakasimama kama fito, na ng'ombe walikuwa wakilamba mawe. Lakini alipokaribia Bwawa la Shukrani, ambalo ukuta wake ulisimama juu ya kijiji kama bega la mtu mzima, aliona jambo lisilo la msimu. Chini ya ukuta majani yalikuwa mabichi. Yangeyange walisimama kwa mguu mmoja mahali pasipopaswa kuwa na maji, na vyura walikuwa wakilia mchana, wamejisahau kabisa.

Nyumba ya Nakijwa ilikuwa ya kwanza kutoka ukutani. Vitunguu vyake vilikuwa vimenawiri kama vya kwenye picha.

"Shikamoo kaka," alisema Nakijwa bila kuacha jembe. "Mbona unatembea kama mtu aliyetumwa kukagua?"

"Marahaba. Nakijwa, maji haya yanatoka wapi?"

"Yanatoka kwa Mungu. Halafu yanapitia pale." Akaonyesha kwa midomo.

Pale palikuwa na ufa. Ulianzia usawa wa kifua ukapanda ukutani mpaka macho yalipochoka kuufuata. Ombeni alijaribu kuingiza kidole, kikaingia. Akajaribu kiganja, nacho kikaingia bila kuomba nafasi. Katikati ya ufa Nakijwa alikuwa amechomeka bua la mpapai, na kutoka kwenye bua maji yalishuka taratibu hadi kwenye matuta.

"Umeona hatari kama hii, ukaiwekea bomba?"

"Ulitaka niiwekee nini? Kaka, watu wa Bondeni tumeomba mfereji tangu mama yu hai. Maombi yetu yote yalipotelea huko huko. Leo maji yamekuja yenyewe, bila kikao, bila wajumbe, unataka niyarudishe?"

"Masika yakija bwawa litajaa, na ukuta huu utakulalia."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo kuhusu choo changu."

"Na choo chako kiko wapi?"

"Kilianguka. Lakini sikuwemo!" Nakijwa alicheka mpaka akashika kiuno. Alipomwona kaka yake hacheki, akafuta mikono kwenye kanga, akasogea. "Usinune basi. Vitunguu vikitoka, nitapanda kwako mlimani, nikae hata masika yote, nikupikie uache kula mihogo mikavu kama mfungwa. Lakini kwanza vitoke. Hivi nikiviacha, nitakuwa nimekula nini mwaka huu?"

Ombeni alijua hesabu za vitunguu. Vilikuwa vitoke masika yakiwa yamekwisha kuanza. Akarudi mlimani akiwa na jambo moja tu kichwani: amtoe Nakijwa pale kabla bwawa halijajaa. Na kwa kuwa Nakijwa hawezi kutoka peke yake akaacha majirani waibe vitunguu vyake, basi ilimpasa aitoe Bondeni yote.

* * *

Alianzia kwenye Ofisi ya Bwawa, kama raia mwema. Afisa wa Bwawa alimpokea vizuri, akampa kiti.

"Bwawa letu lilizinduliwa rasmi," alisema afisa. "Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilitangaza nyimbo za siku ile."

"Siku ile ukuta ulikuwa na ufa?"

"Haukuwa nao."

"Basi umejijibu. Hali ya bwawa ni ile iliyoandikwa siku ya uzinduzi, na uzinduzi haujatenguliwa."

"Lakini mkono wangu umeingia ndani ya ukuta."

Afisa alivua miwani. "Mzee Ombeni, mkono wako umeingia kwa mamlaka gani?"

Ombeni aliuficha mkono chini ya meza. Aliuliza kama, basi, angeweza kuwaeleza wananchi redioni. Afisa akamkumbusha kwa upole kwamba hiyo ingekuwa habari, na kwamba mji mkuu ukiona kuna haja ya ufa Mtwikilo utautengeneza na kuutuma.

* * *

Ndipo Ombeni alipochukua kadi ya salamu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaijaza mwenyewe. Jioni ile, baada ya kadi ya fundi cherehani na kabla ya kadi ya kwaya, aliisoma kwa sauti ile ile aliyowasomea wote:

"Kadi hii inatoka kwa Ukuta wa Bwawa la Shukrani. Unawasalimu watu wote wa Bondeni, kuanzia nyumba ya Nakijwa hadi kinu cha mahindi. Ujumbe wake unasema: nina ufa unaopitisha kiganja, masika yakija sitaweza kusimama, tafadhali hameni. Umechagua wimbo wa majonzi."

Akaupiga wimbo. Akakaa kwenye kiti chake cha tofali, akingoja kusikia watu wakipanda mlima na magodoro vichwani.

Kesho yake hakupanda mtu ila Sefania Mgaya, ndani ya sare yake ya kijani, amebeba mfuko wa sandarusi uliojaa kadi.

"Mzee wangu," alisema akitua mzigo, "katika miaka yote ya salamu haijasomwa kadi kama ile. Watu wamelia kule chini."

"Mlielewa lakini?"

"Neno kwa neno! Ukuta una ufa, masika utaanguka, tuhame."

"Sasa?"

"Sasa tumejibu." Sefania akaupigapiga mfuko.

"Sefania, mimi sikutaka majibu. Nilitaka mhame."

Mwenyekiti alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mzee, wewe ndiye uliyetufundisha salamu. Ukuta ule umesimama pale miaka yote haujawahi kumsemesha mtu. Siku ya kwanza unatusalimu, sisi tuchukue mikeka tuondoke? Utatuonaje? Ukisalimiwa unajibu. Na hilo la kuhama hatujalidharau. Soma tu, kadi nyingi zimeandika 'tutahama panapo majaliwa'."

Ombeni akasoma, maana ndiyo kazi yake. Fundi baiskeli alimtakia ukuta afya njema na kuusihi ujikaze. Bibi mmoja aliusalimu ufa na kuueleza kwamba hata yeye mgongo unafunguka hivyo hivyo nyakati za baridi. Darasa zima la shule ya msingi liliutakia ukuta mitihani myema. Kadi iliyokuwa chini kabisa ilikuwa na mwandiko alioujua: "Inatoka kwa Nakijwa wa Vitunguu. Namsalimu kaka yangu anayependa kutisha watu. Nausalimu ufa, ambao angalau hukaa nyumbani. Ujumbe: vimeanza kunenepa. Wimbo wowote wenye ngoma."

Wiki iliyofuata kadi zikawa nyingi zaidi. Watu wa miji ya jirani, wasio na bwawa lolote, wakauomba ufa urafiki. Kila jioni Ombeni alirudia kadi ya ukuta, akiongeza ukali: hameni sasa, hameni na watoto, hameni leo. Na kila alivyoongeza ukali, ndivyo majibu yalivyozidi kuwa mazuri.

* * *

Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Daktari Zebedayo Matunguru, alikuwa mtu mpole ambaye hakutaka chochote duniani ila kupendwa na wote kwa wakati mmoja. Siku ya kuzaliwa kwake redio ilikuwa imempokelea kadi chache, nyingi zikiwa za wafanyakazi wa ofisi yake, zenye mwandiko mmoja. Aliposikia kwamba kuna ufa unaopata magunia ya kadi, aliacha chai.

Ombeni akaitwa. Alivaa shati lake lenye kola nzima, akijua kwamba sasa anafungwa, na akiwa tayari, maana hata kesi mahakamani ingeuweka ufa kwenye masikio ya watu.

"Huu ufa," alianza Mheshimiwa, "una msimamo gani?"

"Hauna msimamo, Mheshimiwa. Ndiyo tatizo lake."

"Ni wa zamani?"

"Ni wa mwaka huu."

"Kwa hiyo umetokea baada ya mimi kuteuliwa." Mheshimiwa alisimama akaenda dirishani. "Katibu, andika hapo. Ufa umepatikana katika kipindi cha uongozi wangu."

"Mheshimiwa, ufa ule utaua watu. Tuuzibe kabla ya mvua, au tuwahamishe wale wa chini."

"Mzee Ombeni, wewe ni mtu uliyejisomea, utanielewa. Ufa umejitokeza kienyeji tu, bila mgeni rasmi, bila hata utepe. Kuziba kitu ambacho hakijazinduliwa ni kinyume cha taratibu."

"Basi uzinduliwe upesi, halafu uzibwe."

"Kuziba kitu kilichokwisha kuzinduliwa ni hujuma."

Hakufungwa. Alipewa barua ya pongezi na kuagizwa atangaze sherehe moja kwa moja kutoka Bondeni. Ratiba ya Mheshimiwa ilikuwa imejaa kiangazi chote, kwa hiyo ufa ungezinduliwa mwanzoni mwa masika.

* * *

Siku ya uzinduzi mvua zilikuwa zimekwisha kunyesha mara kadhaa milimani, na maji ya bwawa yalikuwa yamepanda hadi karibu na ukingo. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa. Kingo za ufa zilipakwa rangi za taifa, na bua la mpapai liling'olewa na watu wa itifaki kwa kuwa halikuendana na hadhi ya shughuli. Nakijwa aliwafuata akiwatukana mpaka lilipotupwa. Wananchi walipangiwa mikeka chini ya ukuta. Hema la viongozi lilijengwa juu kilimani, ili viongozi waweze kuona vizuri.

Mheshimiwa alishuka kwa muda mfupi, akiwa na mwavuli.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa!" alisema kwenye kipaza sauti, ambacho Ombeni alikishika kwa mkono wake mwenyewe. "Niwaulize. Kabla ya uongozi huu, mlikuwa na ufa?"

"Hatukuwaaa!"

"Wilaya ya jirani wana bwawa kubwa kuliko letu. Je, wana ufa?"

"Hawanaaa!"

"Wapo waliosema Bondeni haitaendelea. Leo wako wapi? Nami nawaahidi, kwa niaba ya Baba wa Utulivu, kwamba hatutaishia hapa. Maji haya tutayafikisha mlangoni kwa kila mmoja wenu!"

Vigelegele vikapanda. Akakata utepe. Mpiga picha akaomba Mheshimiwa auguse ufa. Akaingiza mkono, na mkono ukazama hadi kwenye kiwiko. "Ufa una kina," alisema Mheshimiwa, akiutoa mkono na kumpa mtu aufute. "Huu ni ufa wa kudumu." Kisha akapanda upesi kwenye hema lake.

Kipaza sauti kilibaki mkononi mwa Ombeni. Ilikuwa zamu ya wimbo. Mbele yake, kwenye mikeka, iliketi Bondeni nzima na watoto wao, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na kadi kati yake na wao. Nyuma yake ukuta ulikuwa ukitoa sauti ndogo, kama mtu anayetafuna wali wenye mchanga.

"Ndugu zangu," alisema, "hii si salamu. Hii ni habari, na sina kibali nayo. Ukuta huu utaanguka masika haya. Si maneno ya ukuta, ni maneno yangu mimi, Ombeni Kilave. Nimetia mkono humo ndani nikasikia maji yanavyosukuma. Mheshimiwa amekwenda kukaa juu, tazameni wenyewe alipokaa. Inukeni. Msirudi majumbani. Pandeni mlima sasa hivi na mlichovaa."

Kimya kilianguka. Hata watoto waliacha kutafuna. Mama mmoja akamvuta mwanawe kifuani, mzee mmoja akaegemea fimbo yake kama anayetaka kusimama, na Ombeni akaona, aliapa baadaye kwamba aliona, watu wale wakianza kuinuka.

Ndipo Sefania Mgaya, kutoka mstari wa mbele, akauliza kwa heshima zote:

"Na wimbo je, mzee? Umechagua wimbo gani?"

Watu wakapumua. Wakacheka, wakapiga makofi, wakasema kweli mzee amesahau wimbo. Bendi ikaona aibu ya kimya kile ikaanza kupiga, na wale waliokuwa wakiinuka wakaendelea kuinuka, wakacheza. Juu hemani Mheshimiwa alisikika akiwaeleza wageni kwamba mtangazaji amezidiwa na furaha.

Nakijwa hakucheza. Alikuja akasimama karibu na kaka yake, akamtoa uzi kwenye bega la shati.

"Nimekusikia," alisema. "Mimi nimekusikia, kaka. Wiki hii hii navuna, nakuja."

"Njoo leo. Viache."

"Vimebaki kidogo tu. Na leo nani atanisaidia, si unaona wote wanacheza?" Akamshika mkono. "Andaa mahali pa kulala. Na hicho kiti chako kitie mguu, mimi sikalii tofali."

Ombeni akapanda mlima. Kweli alikitia kiti mguu. Akakung'uta godoro, akalianika kwenye jua kidogo lililokuwepo kati ya mvua na mvua.

* * *

Ukuta ulianguka asubuhi, saa za kupalilia, redio ikiwa katika kipindi cha kilimo. Mtaalamu alikuwa akieleza namna ya kuyahifadhi matufaha. Ombeni alisikia mngurumo, akatoka nje, akaona Bondeni yote imekuwa ya rangi moja.

Sitaeleza siku zilizofuata. Nakijwa alikutwa mbali, katika shamba la mtu asiyemfahamu, gunia la vitunguu likiwa bado limefungwa mgongoni.

Tamko la wizara liliwahi mno safari hii, muhuri wake ukiwa haujakauka: "Wizara inayo furaha kuutangazia umma kwamba ahadi ya kufikisha maji mlangoni imetimizwa Bondeni, tena kwa kiwango kilichovuka malengo." Ombeni aliagizwa alisome asubuhi, mchana na jioni. Alilisoma.

Lakini yeye alihitaji kusoma jambo jingine. Katika wilaya ile watu wa ukoo wametawanyika milimani, na kwa desturi yao msiba hauanzi mpaka redio iutaje. Wajomba hawaondoki makwao, wakwe hawafungi safari, na maiti hawezi kuzikwa kabla hao hawajafika, labda kama ni mtu asiye na watu. Nakijwa alikuwa na watu. Alilala kwenye chumba cha mbele, amefunikwa shuka la kaka yake, akingoja kutajwa.

Na matangazo ya vifo yalihitaji sahihi ya Mkuu wa Wilaya.

"Chanzo cha kifo?" aliuliza Mheshimiwa. Macho yake yalikuwa mekundu, maana alikuwa mtu mpole, na alikuwa amelia kweli.

"Maji."

"Hilo sitaweza. Vyanzo vilivyoidhinishwa ni uzee, homa fupi na mapenzi ya Mungu. Na haya maji ni huduma, Mzee Ombeni. Tamko umelisoma mwenyewe. Mtu hawezi kufa kwa huduma."

"Amekufa, Mheshimiwa. Yuko kwangu, na ni joto."

 Mheshimiwa akavuta kiti chake karibu, akasema kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia. "Wizara inangoja kitu kimoja tu kutoka kwetu. Barua ya shukrani ya wanufaika. Ikipatikana, mioyo ya wakubwa italegea, na mimi nitaweza kusaini."

"Wanufaika wamekufa."

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Una mwandiko mzuri, na kwenye redio wewe ndiye sauti yao."

Nje ya ofisi alikuwa amesimama Sefania Mgaya, sare yake ya kijani imegeuka rangi ya tope. Siku ile ya maji alikuwa amepanda mjini kuchukua kadi mpya, mkewe alibaki. Aliposikia yaliyosemwa hakumlaumu mtu. Alimshika Ombeni shati tu.

"Mzee, kama unaandika, niombee na wa kwangu. Na wa majirani. Hakuna aliyetajwa hata mmoja. Tumewapanga kanisani, tunakaa nao tu."

Ombeni akarudi ndani. Akasema ataandika, lakini majina yote yasomwe, si la Nakijwa peke yake.

"Wote?" Mheshimiwa alishtuka. "Wote kwa homa fupi? Itaonekana kuna mlipuko wa ugonjwa. Hapana. Wagawe. Wengine waweke uzee."

"Kuna watoto, Mheshimiwa."

"Basi wagawe kwa busara," alisema Mheshimiwa, akafuta macho.

* * *

Kuandika barua Ombeni alijifunza ukubwani, katika darasa la jioni la watu wazima, akitoka kupasua mawe, na hakuna alichojivunia kuliko hicho. Kwa hiyo aliketi mezani kwa Mheshimiwa, akaomba karatasi yenye mistari. Katika barua ya kwanza aliandika yote yaliyotokea, kwa majina. Alipomaliza aliisoma, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwake mwenyewe, mahali ambapo isingefika kokote. Ya pili aliiandika kwa namna ambayo msomaji mwerevu angeweza kuona kilichofichwa katikati. Halafu akawaza: msomaji mwerevu akiona, majina hayatasomwa. Hiyo akaichana. Kule nyumbani kwake, Nakijwa alikuwa bado hajatajwa.

Ya tatu aliiandika bila kusimama.

"Kwa Mheshimiwa Waziri. Sisi wananchi wa Bondeni tunashukuru kwa maji tuliyofikishiwa. Tuliyaomba kwa miaka mingi, wazazi wetu wakiwa hai, nasi tumeyapata. Hatukutarajia yangekuwa mengi kiasi hiki. Hatuna malalamiko. Sasa tumetulia."

Mheshimiwa aliisoma mara mbili. Akausifu mwandiko. Akasaini matangazo ya vifo, karatasi baada ya karatasi, kila moja na homa yake au uzee wake, akayaweka pembeni, mkono wake ukibaki juu yake. Kisha akairudisha barua mezani na kuonyesha mahali kwa ncha ya kalamu.

"Hapa kwenye 'tunashukuru'," alisema. "Ongeza 'sana'."

Ombeni aliongeza "sana", na Mheshimiwa akamsogezea matangazo. Aliikunja barua, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi, akabonyeza kwa kidole gumba mpaka ikashika, akaandika jina la Waziri kwa herufi kubwa zilizonyooka, akampa dereva aliyekuwa akingoja mlangoni. Gari likaondoka.